Maandishi Kwenye Basi Dogo: Historia ya Modeli za Kalibu za Mabasi ya Kale ya Uingereza, 1933–2016

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya modeli za kalibu za mabasi ya kale ya Uingereza, hususan zile zinazowekwa kando ya reli za modeli. Uchunguzi unaanza mwaka 1933, magari hayo madogo yalipouzwa kama viambata vya garimoshi za kuchezea, na kuishia mwaka 2016, mojawapo ya majina makuu ya biashara hiyo liliponunuliwa na kampuni ya garimoshi za modeli. Hoja kuu ni kwamba kilichoigeuza modeli ya basi kutoka kichezeo hadi kuwa hati ya kihistoria ni maandishi iliyoyabeba: namba ya njia, jina la kituo cha mwisho, namba ya usajili na jina la kampuni. Aidha, makala inaonesha mpaka wa hati hiyo kwa kurejelea mgomo wa abiria wa Bristol wa mwaka 1963, ambao hauwezi kusomeka ubavuni mwa basi lolote dogo. Sehemu ya mwisho inatoa mapendekezo kuhusu uhifadhi wa maandishi ya vyombo vya usafiri katika Afrika Mashariki.

Istilahi za msingi: modeli, skeli, rangi rasmi, kumbukumbu, usafiri wa umma

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa Kiswahili hawahitaji kushawishiwa kwamba maandishi ya chombo cha usafiri ni matini. Semi zinazoandikwa nyuma ya daladala na matatu, kama zilivyo semi za kanga, zimekwisha kuchunguzwa kwa jicho la isimujamii na la fasihi. Swali linaloulizwa hapa ni la kihistoria: maandishi hayo huenda wapi pindi chombo kinapoondolewa barabarani? Nani huyahifadhi, kwa sababu gani, na katika kuyahifadhi huacha nini nje?

Makala hii inalitafuta jibu katika nchi ambayo swali hilo lilijibiwa na watu wasiokuwa na nia ya kulijibu, yaani Uingereza. Huko, watengenezaji wa vichezeo na wapenzi wa reli za modeli walijikuta wamejenga, kwa zaidi ya miaka 80, hifadhi kubwa ya rangi, majina na namba za mabasi ambayo mengi yake hayapo tena.

Chombo kinachozungumziwa ni kidogo. Basi la ghorofa la aina ya Routemaster, ambalo katika barabara za London lilikuwa na urefu wa takriban mita 8.4, huwa na urefu wa milimita 110 likipunguzwa mara 76. Linaenea katika kiganja cha mkono. Hata hivyo, ndani ya milimita hizo huweza kusomeka namba ya njia, kituo cha mwisho, majina ya vituo vya katikati, jina la kampuni, namba ya usajili, namba ya gari katika kundi la kampuni, herufi za depo na matangazo ya biashara. Ni kurasa chache za kitabu zenye uwezo wa kubeba habari nyingi kiasi hicho mahali padogo kiasi hicho.

Istilahi tatu zinahitaji ufafanuzi. Modeli ya kalibu ni ile inayotengenezwa kwa kusukuma aloi ya zinki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu kwa mgandamizo mkubwa. Aloi ikipoa, kalibu hufunguliwa na umbo hutoka likiwa kamili. Skeli ni uwiano kati ya modeli na kitu halisi. Rangi rasmi ni mpangilio wa rangi, mistari na herufi ambao kampuni ya usafiri huyapaka magari yake yote ili yatambulike.

2.0 Basi likiwa kiambata cha garimoshi

Frank Hornby wa Liverpool alipata hataza ya vipande vyake vya chuma vya kuundia mitambo midogo mwaka 1901, na baadaye vipande hivyo vikajulikana duniani kwa jina la Meccano. Mwaka 1920 kampuni yake ilianza kuuza garimoshi za kuchezea. Lakini garimoshi peke yake halina ulimwengu. Linataka stesheni, wapagazi, abiria, mizigo na magari yanayosubiri nje. Kwa hiyo mwaka 1933 kiwanda cha Binns Road kilitoa seti ya magari madogo sita yaliyoitwa Modelled Miniatures, kwa ajili ya kuzipamba reli hizo. Mwaka uliofuata magari hayo yalianza kuitwa Dinky Toys, jina ambalo lilidumu hata baada ya wengi kusahau kwamba asili yake ilikuwa ni kulihudumia garimoshi.

Basi la ghorofa liliingia katika orodha ya Dinky mwaka 1938 kwa namba 29c. Urefu wake ulikuwa takriban sentimita 10. Uso wake ulifanana na wa mabasi ya AEC yaliyokuwa yakitembea London, lakini rangi zake mbili mbili hazikulifunga kwa mji wowote: mtoto wa Leeds na mtoto wa Birmingham wote wangeweza kulidai kuwa la kwao. Maandishi yake makubwa, katika matoleo mengi, yalikuwa ni tangazo la matairi ya Dunlop. Kwa maneno mengine, basi hilo lilisema jambo moja tu kwa herufi: nunua tairi. Halikusema linatoka wapi, linakwenda wapi, wala ni la nani.

Chuma chenyewe kilikuwa na kasoro. Aloi iliyotumika ilikuwa ya zinki iliyochanganywa na aluminiamu, shaba na magnesi. Marekani iliitwa Zamak, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina ya metali hizo kwa Kijerumani, na Uingereza iliitwa Mazak. Zinki ikiingiwa na uchafu kidogo tu wa risasi, mmomonyoko huanza kati ya chembe za metali. Umbo huvimba, hupinda, hupasuka na mwishowe huvunjika kama biskuti. Modeli nyingi zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili zimepatwa na ugonjwa huo, na hauna tiba. Ubaridi na ukavu huuchelewesha tu. Jambo hili lina uzito kwa mwanahistoria: hifadhi tunayoizungumzia imejengwa juu ya metali ambayo baadhi ya sehemu zake zinajila zenyewe.

3.0 Skeli na mapatano yake

Ili basi lisimame kando ya garimoshi bila kuchekesha, lazima vyote viwili viwe vimepunguzwa kwa kiasi kimoja. Hapo ndipo Uingereza ilipofanya mapatano ya ajabu yanayodumu hadi leo. Katika bara la Ulaya, skeli ya HO inapunguza vitu mara 87 na kutumia reli zenye upana wa milimita 16.5. Injini halisi za Uingereza ni nyembamba kuliko za Ulaya, na mota za umeme za miaka ya 1920 na 1930 hazikuenea kwa urahisi ndani ya injini ndogo kiasi hicho. Suluhisho lilikuwa kuikuza injini hadi milimita 4 kwa kila futi moja, sawa na 1:76.2, huku reli ikiachwa na upana uleule wa milimita 16.5. Skeli hiyo iliitwa OO, na Hornby Dublo ya mwaka 1938 ikaieneza majumbani.

Matokeo yake yanaweza kupigiwa hesabu. Wasomaji wanaoifahamu reli ya kisasa ya SGR wanakijua kipimo cha milimita 1,435, ambacho ndicho kipimo cha reli za Uingereza. Milimita 16.5 zikizidishwa kwa 76.2 hutoa takriban milimita 1,257. Kwa hiyo garimoshi la OO hutembea juu ya reli iliyo nyembamba kwa kiasi kinachokaribia sentimita 18 kuliko inavyopaswa. Basi lililo kando yake halina tatizo hilo kwa kuwa halikanyagi reli. Katika mandhari nzima ya reli ya modeli ya Kiingereza, kiambata kinaweza kuwa sahihi kuliko bwana wake.

Usahihi huo haukuja mara moja. Kampuni ya Lesney, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilianza kuuza magari yake ya Matchbox mwaka 1953, na basi la London likawa namba 5 katika orodha hiyo mwaka 1954. Skeli ya Matchbox iliamuliwa na kisanduku: lori na gari dogo vyote vilipunguzwa hadi viingie katika kisanduku kinachofanana na cha kiberiti. Corgi Toys, iliyoanzishwa mwaka 1956 na kampuni ya Mettoy na kutengenezewa Swansea, ilileta madirisha ya plastiki angavu, na mwaka 1964 ikatoa Routemaster yake yenye namba 468. Hilo lilikuwa kubwa kuliko skeli ya OO. Mtoto hakujali. Lakini mtu mzima mwenye reli mezani alijali, kwa maana basi hilo likiwekwa mbele ya stesheni lingeifanya stesheni ionekane kama kibanda.

4.0 Namna maandishi yalivyopata nafasi

Historia ya modeli hizi huelezwa mara nyingi kama historia ya kuboreka kwa umbo. Makala hii inapendekeza isomwe pia kama historia ya kuboreka kwa herufi. Kwa miongo kadhaa, maandishi yaliwekwa kwa njia mbili: karatasi nyembamba zilizoloweshwa majini na kuhamishiwa kwenye chuma kwa mkono, au vibandiko vya karatasi. Njia zote mbili zilikuwa na mipaka. Herufi ndogo sana hazikusomeka, na uso uliopinda ulizikunja.

Mabadiliko yalikuja pale uchapaji wa pedi ulipoenea viwandani katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Pedi laini ya silikoni huchota wino kutoka katika bamba lililochorwa, kisha huubonyeza kwenye modeli. Kwa kuwa pedi ni laini, hujilaza juu ya pembe na mikunjo bila kuharibu herufi. Ghafla iliwezekana kuandika kwa wino, katika urefu usiofika milimita moja, maneno ambayo katika basi halisi abiria angeyasoma akiwa amesimama karibu kabisa.

Maandishi yalipopata nafasi hiyo, basi dogo lilibadilika hadhi. Chukua mfano wa London. Kila Routemaster ilikuwa na namba yake katika kundi: RM 5, kwa mfano, ilisajiliwa kwa namba VLT 5. Modeli inayobeba namba hizo haiwakilishi tena mabasi ya London kwa ujumla; inawakilisha gari moja lililokuwapo, lililotengenezwa mwaka fulani na kukarabatiwa kwa tarehe zinazojulikana. Ikiongezewa herufi za depo na namba ya njia, modeli inatoa dai ambalo linaweza kuthibitishwa au kukanushwa: kwamba gari hili, kutoka depo hii, lilipita njia hii. Basi la Dinky la mwaka 1938 halikuweza kusema uongo kwa sababu halikudai lolote. Basi la miaka ya 1990 linaweza kukosea, na uwezo huo wa kukosea ndio unaolifanya kuwa hati.

Wala makosa si ya nadharia tu. Kutengeneza kalibu ni gharama kubwa, hivyo mtengenezaji hutumia kalibu moja kwa kampuni nyingi, akibadilisha rangi na maandishi. Pale ambapo gari halisi la kampuni fulani lilikuwa na mpangilio tofauti wa madirisha au milango, herufi husema jambo moja na chuma kikasema lingine. Wakusanyaji makini wamezoea kuulinganisha ushahidi huo kwa picha za zamani, kama vile mhariri wa miswada anavyolinganisha nakala.

5.0 Kufa kwa mabasi na kuzaliwa kwa modeli

Ni kwa nini mahitaji ya modeli sahihi yalipanda mwishoni mwa karne ya 20 na si kabla? Jibu limo katika kalenda. Mabasi ya familia ya RT, yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1939 na 1954, yalikuwa karibu 7,000 mjini London na viungani mwake. La mwisho liliondolewa katika kazi ya kawaida mwezi Aprili 1979. Mwaka huohuo, kiwanda cha AEC cha Southall, kilichoyazaa mengi ya mabasi hayo, kilifungwa. Na mwezi Novemba mwaka huohuo, kiwanda cha Binns Road, kilichoyazaa mabasi ya Dinky, nacho kikafungwa. Lesney ilifilisika mwaka 1982. Mettoy ilianguka mwaka 1983, mwaka ambao kiwanda cha mabasi cha Bristol pia kilifunga milango. Tasnia iliyotengeneza kitu halisi na tasnia iliyotengeneza kivuli chake zilianguka katika kipindi kimoja, kwa kuwa zote zilikuwa tasnia za metali katika uchumi uliokuwa ukiihama metali.

Kisha rangi zenyewe zikabadilika. Tangu awali kila eneo la Uingereza lilikuwa na basi la rangi yake: jekundu, kijani, buluu au krimu, pamoja na jina la mji au kampuni ubavuni. Shirika la National Bus Company, lililoanza kazi mwaka 1969, lilianza mwaka 1972 kuziunganisha kampuni zake chini ya aina mbili tu za rangi, nyekundu au kijani. Sheria ya Usafiri ya mwaka 1985 ililivunja shirika hilo na, kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986, ikaondoa udhibiti wa njia za mabasi nje ya London. Kampuni ziliuzwa, zikagawanyika, zikanunuliwa tena. Abiria aliyelijua basi la kwao kwa rangi alijikuta halitambui.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1989, kampuni ya Gilbow ilizindua modeli za Exclusive First Editions, maarufu kwa kifupi EFE, katika skeli ya 1:76. Corgi ilifuata katikati ya miaka ya 1990 kwa mfululizo wake wa Original Omnibus katika skeli hiyohiyo. Wanunuzi hawakuwa watoto tena. Walikuwa watu wazima waliopanda mabasi hayo wakienda shule, au waliyoyaendesha, au waliokata tiketi ndani yake. Lugha ya sanduku nayo ilibadilika kulingana nao. Mahali palipoandikwa zamani jina la jumla la basi la ghorofa, paliandikwa aina ya fremu, aina ya bodi, kampuni na njia.

Kuna kejeli hapa isiyoweza kupuuzwa. Kumbukumbu hiyo ya kazi ya mikono ya Southall, Bristol na Leyland ilitengenezwa kwa wingi nchini Uchina. Mwaka 1999 Corgi yenyewe ilinunuliwa na Zindart, kampuni iliyokuwa ikitengeneza bidhaa zake huko. Mwaka 2008 Corgi ikawa mali ya Hornby, na mwaka 2016 EFE ikanunuliwa na tawi la Ulaya la Bachmann. Kampuni zote mbili zinajulikana kwanza kwa garimoshi. Mabasi yalirudi nyumbani mwa garimoshi, pale yalipoanzia mwaka 1933.

6.0 Basi mbele ya stesheni

Kurudi huko si bahati tu. Katika historia halisi ya Uingereza, reli na basi vilikuwa na uhusiano wa muda mrefu. Mwaka 1903 kampuni ya Great Western Railway ilianzisha huduma ya basi kati ya Helston na Lizard, ili isilazimike kujenga reli. Mwaka 1928 kampuni kubwa za reli zilipewa kisheria mamlaka mapana ya kuendesha usafiri wa barabarani, na zikanunua hisa katika kampuni za mabasi. Kwa hiyo basi mbele ya stesheni lilikuwa mshirika. Kisha mwaka 1963 ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363. Mahali pengi garimoshi liliondoka na basi likabaki. Mshirika akageuka mrithi.

Mtu anayejenga reli ya modeli hukutana na historia hiyo kwa njia ya maandishi. Anapochagua basi la kuliweka uani mwa stesheni, au juu ya daraja kama ilivyo ada iliyozoeleka hata kutaniwa, analazimika kuchagua mwaka. Injini za mvuke ziliondolewa katika kazi ya kawaida ya British Railways mwezi Agosti 1968. Rangi za pamoja za National Bus Company zilianza mwaka 1972. Basi lenye rangi hizo likiwekwa kando ya garimoshi la mvuke la British Railways, mandhari nzima hukosa ukweli, hata kama kila kipande ni sahihi kwa nafasi yake. Mpenzi wa modeli aliyekwisha kuyajua haya anafanya, bila kuliita kwa jina hilo, lile ambalo mwanafilolojia hufanya anapoukadiria umri wa muswada kwa mwandiko wake.

Mfano mwingine ni basi la Bristol Lodekka, lililotengenezwa kwa wingi kati ya miaka ya 1950 na 1968. Madaraja mengi ya reli yalikuwa mafupi mno kwa basi la kawaida la ghorofa. Wahandisi wa Bristol waliisogeza mitambo ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ili sakafu ya chini ishuke, na basi zima likawa fupi. Kwa hiyo umbo la barabara lilikwisha kuamuliwa na reli, na hilo linaonekana hata likiwa limepunguzwa mara 76.

7.0 Kisichoandikwa

Lodekka hiyohiyo inatupeleka kwenye mpaka wa hati hii. Mabasi ya kampuni ya Bristol Omnibus, yenye rangi ya kijani, yamo katika makabati ya wakusanyaji wengi. Ubavuni husomeka jina la kampuni kwa herufi nzuri. Kile kisichosomeka ni kwamba hadi mwaka 1963 kampuni hiyo, iliyokuwa mali ya umma, ilikataa kuajiri watu weusi na watu wa asili ya Asia kuwa madereva na makondakta. Chama cha wafanyakazi mahali hapo kilikuwa sehemu ya kizuizi hicho. Guy Bailey, kijana mwenye asili ya Karibi, aliitwa kwenye usaili. Ilipobainika kuwa ni mweusi, usaili ukafutwa. Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao waliitisha mgomo wa abiria mwishoni mwa Aprili 1963. Tarehe 28 Agosti kampuni ilitangaza kuuondoa ubaguzi huo, na mwezi Septemba Raghbir Singh, Kalasinga, akawa kondakta wa kwanza asiye mzungu katika kampuni hiyo. Miaka miwili baadaye Uingereza ilipata Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya mwaka 1965.

London ilikuwa na sura nyingine ya habari hiyohiyo. Tangu mwaka 1956 shirika la London Transport lilikuwa likiajiri moja kwa moja kutoka Barbados. RT na Routemaster zilizomo katika makusanyo ya leo ziliendeshwa na kukatiwa tiketi, kwa sehemu kubwa, na watu waliovuka bahari kuja kufanya kazi hiyo. Modeli hubeba namba ya gari. Haibebi namba ya kondakta.

Haitakuwa haki kumlaumu mtengenezaji wa kichezeo kwa hilo. Ubavu wa basi halisi la Bristol nao haukuandikwa sera ya ajira. Modeli ilinakili kwa uaminifu kile ambacho kampuni ilitaka kisomwe. Hapo ndipo pa kuwa na tahadhari: usahihi wa herufi hutuaminisha kwamba tumeipata historia yote, ilhali tulichonacho ni historia jinsi mmiliki wa basi alivyoiandika. Mgomo wa Bristol unajulikana leo kwa sababu watu walisimulia, magazeti yaliandika na wahusika walirekodiwa. Bila hifadhi hiyo ya pili, ile ya kwanza ingetupa basi la kijani lisilo na doa.

8.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Afrika Mashariki si mgeni kabisa katika habari hii. Kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Services ilianzishwa Nairobi mwaka 1934 na kampuni yenye makao London, na mabasi kutoka viwanda vya Uingereza yalitembea katika miji yetu kwa miongo mingi. Baadaye miji hiyo ilijitungia mfumo wake wa matini. Majina yenyewe yana historia ya nauli ndani yake: matatu inahusishwa na senti thelathini za awali, na daladala na shilingi tano iliyoitwa dala. Dar es Salaam iliongeza mistari ya rangi ubavuni ili abiria aijue njia kabla hajasoma jina. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza katika Barabara ya Morogoro, daladala zilihamishwa kutoka sehemu za barabara hiyo, na maandishi yake yakaondoka nazo.

Kwa washauri wa sera, funzo la Uingereza lina pande mbili. Kwanza, mabadiliko ya usafiri hufuta matini nyingi kwa muda mfupi. Kati ya Oktoba 1986 na uzinduzi wa mwaka 1989 ilipita miaka mitatu tu, na walioziokoa rangi za zamani walikuwa wafanyabiashara na wapenzi waliokuwa na picha. Ingefaa basi kila mpango wa kubadilisha njia, kampuni au rangi za vyombo vya usafiri uambatane na kazi ndogo ya kumbukumbu: picha za pande zote nne za magari, zenye tarehe, njia na mahali, zikabidhiwe kwa nyaraka za taifa au vyuo vikuu. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kituo kimoja cha mabasi.

Pili, picha za ubavuni hazitoshi. Madereva, makondakta, wapiga debe na wachoraji wa maandishi wahojiwe wakiwa hai, na mahojiano yahifadhiwe katika Kiswahili kilichotumika kituoni, pamoja na msamiati wake. Mchoraji anajua kwa nini usemi fulani ulichaguliwa na nani aliulipia. Kondakta anajua nani alikataliwa kazi.

Kwa wanaistilahi, uwanja huu umeonesha pia kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuujadili bila kukwama. Kalibu, aloi, skeli, hataza na rangi rasmi ama yamo katika matumizi ama yanaeleweka pindi yanapofafanuliwa. Panapohitajika kazi zaidi ni katika kutofautisha kichezeo, modeli na kielelezo cha makumbusho, maneno ambayo katika mazungumzo ya kawaida huingiliana.

9.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba basi dogo la kalibu lilianza mwaka 1933 likiwa kiambata cha garimoshi, likapata skeli sahihi kwa ajili ya reli zilizo na kasoro, na likawa hati pale teknolojia ya uchapaji na kufa kwa mabasi yenyewe vilipokutana katika miaka ya 1980. Maandishi ndiyo yaliyolipa hadhi hiyo, kwa kulifanya litoe madai yanayoweza kuhakikiwa. Maandishi hayohayo ndiyo mpaka wake, kwa kuwa yaliandikwa na mwenye basi. Mtafiti wa vyombo vya usafiri vya ukanda wetu anayo nafasi ambayo wenzake wa Uingereza waliipoteza kwa sehemu kubwa: anaweza kuyasoma maandishi yakiwa bado barabarani, na kumuuliza aliyeyaandika.